Saa tatu naivaa, saa nane naikuta sakafuni

Mwezi uliopita niligusia hapa habari za watu wanaokoroma mpaka pumzi inakatika. Nilitarajia barua za wake wanaolalamika, na kweli zimekuja, lakini nyingi zaidi zimetoka kwa watu ambao mashine ya kupulizia hewa puani wakati wa kulala wanayo tayari, imo chumbani, na hawapatani nayo. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana mwalimu huyu ameandika matatizo ya wenzake wote kwa mkupuo mmoja.

*

Bibi Nesi, assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Wete, umri miaka 51, mnene wa kiasi, na presha ninayo. Kwa muda mrefu mke wangu ananiambia kuwa nakoroma, kisha nanyamaza kimya mpaka ananitikisa akidhani nimekufa. Mchana nasinzia. Nimesinzia darasani, nimesinzia kwenye khutba ya Ijumaa mpaka wa pembeni yangu akanigusa goti. Mama mkwe akasema ni jinamizi. Nikazinguliwa, nikanywa kombe. Mwisho nikavuka kwenda Dar es Salaam, nikalazwa usiku mmoja na nyaya mwili mzima, na karatasi ikasema pumzi inakatika au inapungua mara 38 kwa saa. Nikaambiwa nitumie mashine. Bei yake sikuiweza. Ndugu yangu aliyeko Muscat akaniletea ya marehemu baba mkwe wake, nzima kabisa.

Sasa kila usiku ni vita. Nikiiwasha tu upepo unakuja kwa nguvu, nahisi nazamishwa. Nakaza mikanda mpaka asubuhi nina alama usoni, na bado upepo unavujia machoni. Tumbo linajaa hewa. Saa tatu naivaa, saa nane naikuta sakafuni, wala sijui nimeivua saa ngapi. Mke wangu anasema nivumilie. Na kuna aliyenambia ninyoe ndevu. Je, nivumilie au niirudishe kwa mwenyewe?
Mwalimu, Wete

Waalaykum salaam, mwalimu wangu. Usiirudishe, na wala usivumilie. Uvumilivu ni wa jino linalosubiri kung'olewa kesho. Kitu utakacholala nacho kila usiku wa umri wako kinatakiwa kirekebishwe mpaka kikukae, na katika barua yako nzima sikuona mahali ambapo mtu amekirekebisha. Nakwambia haya kama nesi mstaafu, na pia kama mtu ambaye mwenyewe analala na mpira wa hewa puani. Mjukuu wangu ananiita rubani.

Tuanze na marehemu. Tunapolala, misuli ya koo na ulimi hulegea. Kwa watu kama mimi na wewe njia ya hewa hujifunga. Mashine inasukuma upepo ili njia ile ibaki wazi, basi, haina kazi nyengine. Nguvu ya upepo hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi hucheza baina ya 4 na 20. Kuna anayetosheka na 7, na kuna ambaye bila ya 14 hapati kitu. Namba iliyomo kwenye mashine yako ni ya koo la baba mkwe wa ndugu yako, Mungu amrehemu. Umevaa kanzu iliyoshonewa mtu mwengine, kisha unayalaumu mabega yako. Chukua mashine, chukua na karatasi ya Dar, mpelekee daktari aliyekupima aiweke kwenye namba yako. Ikiwa ni ile inayojirekebisha yenyewe, ataiwekea mpaka wa chini na mpaka wa juu. Najua kuna menyu iliyofichwa, na najua wanafunzi wako wataifungua kwa dakika moja baada ya kutazama video. Usiwape.

Na kwa kuwa ni ya kurithi, igeuze utazame jina la kampuni na modeli chini yake. Mwezi wa Juni 2021 kampuni ya Philips iliziita zirudi mashine zake nyingi za aina hii, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele iliyomo ndani ilikuwa ikimong'onyoka, na chembe zake zikaweza kuingia kwenye hewa anayovuta mgonjwa. Kama yako ni miongoni mwa hizo, zungumza na daktari kabla hujaiwasha tena. Ikiwa siyo, bado barakoa, mpira na chujio vya marehemu vitupe, nunua vipya vya kwako. Plagi haina tabu. Muscat wanatumia ile ile ya pini tatu bapa kama yetu.

Hili la kuhisi unazamishwa ndilo linalowashinda watu wengi, na dawa yake haiko usiku. Usiku umechoka, una hofu, unataka kulala. Huo si wakati wa kujifunza kitu. Jifunze baada ya laasiri. Siku za mwanzo kaa kitini na barakoa peke yake usoni, bila ya mpira, bila ya upepo, ukisikiliza redio au ukisahihisha madaftari. Ukishaona umeisahau, unga mpira na uwashe upepo, bado umekaa, macho wazi, mdomo umefumba, ukipumua kwa pua. Moyo ukienda mbio, ivue, kunywa maji, irudishe. Kisha ndiyo ulale nayo ule usingizi mfupi wa mchana baada ya adhuhuri. Hapo ndipo uipeleke kwenye usiku. Wako wanaomaliza hatua hizi kwa siku chache na wako wanaochukua wiki kadhaa, na hakuna anayetoa zawadi kwa wa mwanzo.

Mwambie daktari pia akuwekee mambo mawili. Moja ni mwanzo wa polepole: mashine inaanza chini kabisa, kwenye 4 au 5, halafu inapanda kidogo kidogo wakati wewe ushapitiwa na usingizi. La pili ni kupunguza upepo pale unapotoa pumzi, maana kinachowatisha wengi si kuvuta hewa, ni kuitoa dhidi ya kitu kinachosukuma. Mashine nyingi za miaka ya karibuni zinayo yote mawili, huenda kwako yamezimwa tu.

Sasa mikanda. Kadiri unavyoikaza ndivyo inavyovuja. Ukingo wa silikoni umetengenezwa ujae upepo na ujilaze wenyewe usoni. Ukiubana unajikunja, na pale ulipojikunja ndipo upepo unapopata mlango. Legeza mikanda yote, lala chali kama unavyolala, washa mashine mpaka nguvu yake kamili, ndipo uivute barakoa mbele kidogo, uiachie ikae, kisha kaza polepole mpaka uvujaji unyamaze. Hapo simama. Watu huipima barakoa wamekaa mbele ya kioo, kisha wanashangaa kwamba wakilala uso unabadilika umbo.

Nyumbani kwetu Pemba mtu hajalala mpaka ajipake mafuta ya nazi. Paka miguu, paka mikono, uso uache. Mafuta yanaifanya silikoni iteleze na yanaiharibu. Kila asubuhi uoshe ukingo kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida isiyo na marashi mengi, uuanike kivulini.

Ndevu zako usizinyoe. Barakoa inayofunika pua na mdomo ndiyo inayogombana na ndevu, kwa sababu inalala juu ya kidevu na mashavu. Kuna aina ya vibomba viwili vidogo laini vinavyokaa kwenye midomo ya matundu ya pua tu, na mikanda yake inapita juu ya mashavu. Ndevu ndefu hazina habari nayo. Mimi ndiyo ninayotumia, ingawa ndevu sina. Ila aina hiyo inataka mdomo ufumbe. Kama unaamka mdomo mkavu kama umelamba ukuta wa chokaa, basi mdomo unafunguka na upepo unatokea huko. Hapo jaribu mkanda wa kushikilia kidevu, au urudi kwenye barakoa kubwa na ndevu uzipunguze tu. Pua ikiwa imeziba kwa mafua au vumbi, ishughulikie kwanza: maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kuisafishia kabla ya kulala, na kama inaziba kila siku daktari ana dawa ya kupulizia.

Tumbo kujaa ni hewa unayoimeza. Mara nyingi hupungua wenyewe namba ikishakuwa ya kwako na si ya marehemu. Lalia ubavu, inua kichwa cha kitanda, na usile pilau saa mbili na nusu ukalala saa tatu.

Sasa hiyo saa nane. Unaivua ukiwa usingizini, na si wewe peke yako. Mkono wa mtu aliyelala unakiondoa kinachomkera. Kampuni za bima za Marekani zimezoea kumhesabu mtu kuwa anaitumia mashine akifikisha muda wa saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya usiku. Hiyo ni alama ya kufaulu ya bima, mwalimu, si ya mwili wako. Usingizi wa ndoto huja zaidi kuelekea alfajiri, na katika usingizi huo misuli ya koo hulegea zaidi, kwa hiyo kwa watu wengi pumzi hukatika sana wakati ule ule ambao wewe mashine iko sakafuni. Ukizinduka ukaikuta chini, irudishe bila ya kujikasirikia. Ukirudi msikitini alfajiri ukajinyoosha tena, ivae. Kioo cha mashine kitakuonyesha asubuhi umelala nayo muda gani, imevuja kiasi gani, na pumzi imekatika mara ngapi kwa saa. Kutoka 38 tunataka kushuka chini ya 5. Hiyo ndiyo namba ya kuitazama, wala si jinsi unavyojisikia siku tatu za mwanzo, kwa sababu siku hizo utajisikia vibaya kwa vyovyote.

Mke wako nampa kazi mbili, na kukuhimiza uvumilie haimo. Kwanza, udi. Mashine inavuta hewa ya chumba kwa nyuma. Ukifukizwa udi chumbani saa mbili na nusu, saa tatu unaupeleka moja kwa moja kwenye mapafu, na chujio linageuka rangi ya masizi. Na afukize mapema, madirisha wazi. Dawa ya mbu ya kuchoma ndiyo haitakiwi kabisa. Tumieni chandarua, mpira uupitishe juu ya kichwa cha kitanda uteremke kutoka juu, hapo hautajisokota shingoni unapogeuka. Pili, asikuamshe kila anapousikia upepo unavuja. Akwambie asubuhi.

Kombe na dua endelea navyo, hakuna anayekukataza, na mashine haibatilishi kisomo. Ila mama mkwe mweleze kwa heshima kwamba jinamizi lililohesabiwa mara 38 kwa saa kwa nyaya lina jina la hospitali. Linaitwa apnia ya usingizi. Likiachwa, huikoroga presha. Huenda ndiyo sababu yako haishuki kwa vidonge. Uzito nao usiusahau: utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulikadiria kuwa mtu akipungua asilimia 10 ya uzito wake, kukatika kwa pumzi hupungua kwa asilimia 26 hivi. Si tiba peke yake kwa mtu wa 38, lakini si kidogo.

Na ukiona dhiki imezidi, wakumbuke waliotangulia. Daktari wa Australia, Colin Sullivan, ndiye aliyeandika habari ya tiba hii pamoja na wenzake mwaka 1981. Upepo wa siku zile ulitoka kwenye mota kubwa yenye makelele, na barakoa ilibandikwa usoni kwa gundi kila usiku. Kwa gundi, mwalimu. Na bado walilala.

*

Bibi, shikamoo. Mume wetu ana nyumba mbili, mimi niko Kiembesamaki na mwenzangu yuko Chwaka. Mashine iko kwangu na kwangu anaitumia vizuri. Zamu ya Chwaka haendi nayo. Anasema anaona haya na mwenzangu hajui habari hii. Akirudi huku kichwa kinamuuma na anasinzia, na yeye anaendesha gari ya abiria ya shamba. Nifanyeje, na mimi sitaki ionekane naingilia zamu ya mtu?
Mke mkubwa, Unguja

Marahaba, mwanangu. Umeandika kwa adabu na nitakujibu waziwazi: apnia haina zamu. Usiku ule ule anaolala bila ya mashine koo linarudi kujifunga, na akikaa siku mbili tatu usingizi wa mchana umemrejea wote. Mtu aliyebeba abiria kutoka shamba hadi Darajani mjini hatakiwi kuwa katika hali hiyo, na hili ndilo neno utakalomwambia. Usimwambie kwamba kwako anapona na kwa mwenzako anaugua. Hata kama ni kweli, likitoka kinywani mwako litasikika ni ugomvi wa wake.

Kuhusu haya, mwambie kwa upole kwamba hana siri. Mwanamke aliyelala karibu na mtu anayekoroma kisha ananyamaza ghafla anajua muda mrefu sana kuwa kuna jambo. Asichojua ni dawa. Huenda anakaa macho akimsikiliza, naye anaona haya kusema.

Mashine yenyewe ni ndogo, nyingi hazifiki kilo mbili, na huja na mkoba wake. Kabla ya safari amwage maji yote yaliyomo kwenye kitangi, kile cha kuipa hewa unyevu, la sivyo yatarudi ndani ya mota na huo ndio mwisho wake. Kama uwezo upo, anunue barakoa ya pili na mpira wa pili vikae Chwaka, awe anabeba kile kisanduku tu. Na ikiwa mambo ya kuzungumza yanamshinda, aende na mke mdogo siku ya kliniki, daktari aeleze mbele yake. Nimeona waume wengi wakali walioshindwa kutamka neno moja chumbani, wakalitamka wepesi sana mbele ya koti jeupe.

Ramadhani inakuja, na usiku wake unakatwa vipande. Akila daku akirudi kulala, aivae tena. Usingizi wa mchana wa mfungaji nao ni usingizi, aivae. Kama ana shaka yoyote juu ya funga na kitangi cha maji, amuulize sheikh wake kabla ya mwezi kuandama; mimi ni nesi.

*

Bibi Nesi, mama yangu ana miaka 67, tuko Mkoani. Anaipenda mashine yake, lakini umeme ukikatika anaamka kwa kishindo na sasa anaogopa kwamba siku moja atakosa hewa afe ndani ya barakoa. Pia ndani ya kitangi pamefanya ukoko mweupe. Kaka anasema atutilie maji ya betri. Ni sawa?
Binti, Mkoani

La maji kwanza, kabla kaka hajaenda gereji. Hapana! Kinachoitwa maji ya betri dukani mara nyengine ni maji safi yasiyo na madini, na mara nyengine ni maji makali yenye asidi, na chupa zinafanana. Kitu anachokivuta mama hakichezewi bahati nasibu. Kinachotakiwa ni maji yaliyotoneshwa, ya duka la dawa. Ukoko ule ni chokaa ya maji yetu. Kuyachemsha kunaua vijidudu lakini chokaa inabaki pale pale. Changanya siki kipimo kimoja na maji vipimo kumi, loweka kitangi kwa nusu saa, suuza sana. Na kila asubuhi maji yaliyobaki yamwagwe, yasiongezewe juu yake.

Halafu muulize mama kama maji anayahitaji kweli. Kitangi kimebuniwa kwa ajili ya nchi kavu na vyumba vya baridi, na hewa ya Mkoani ina unyevu wa kutosha. Wengi kwetu huku wanakiweka kwenye kiwango cha chini kabisa, au wanakizima. Kama chumbani mna kiyoyozi ndiyo zaidi, kwa sababu mvuke hupoa ndani ya mpira ukageuka maji, kisha humwagika puani saa tisa za usiku. Uvisheni mpira kipande cha kanga kuukuu.

Hofu ya kukosa hewa naielewa, na mama aelezwe hivi. Barakoa zote hizi zina vitundu vya kutolea pumzi, na zile kubwa zinazofunika mdomo zina kilango kinachofunguka chenyewe upepo ukisita. Hewa atakayopata haitamtosha kulala, ndiyo maana anazinduka, na kuzinduka ndiko kunakotakiwa: aivue tu. Sharti ni moja, vitundu vile visizibwe. Kuna watu wanaovibandika plasta kwa sababu vina sauti. Hao ndio wanaojitafutia hatari.

Umeme wenyewe haujasimama bado. Pemba tumeungwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 2010, na hali si ile ya majenereta, lakini waliokuwepo Unguja mwisho wa 2009, kisiwa kilipokaa kiza kwa miezi mitatu, wanajua waya ni waya. Tafuteni betri. Kitangi kikiwa kimezimwa mashine hula kiasi cha wati 30, kwa usingizi wa muda wa saa 8 ni wati-saa 240. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, ile ya sola, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inatoa wati-saa 600. Ni usiku mbili na ushee. Kitangi kikipasha maji, hesabu hiyo inavunjika, inaweza isifike hata usiku mmoja.

Msiifunge betri kwenye mashine kwa waya wa kubahatisha. Someni maandishi yaliyo kwenye adapta yake: nyengine hutaka volti 12 na nyengine 24, na ya 24 inahitaji kifaa maalumu cha kupandisha volti baina yake na betri. Kaka, kwa kuwa anapenda gereji, hiyo ndiyo kazi yake. Akipate kwanza kifaa, akijaribu mchana mama akiwa macho, na betri ikae barazani, si chumbani anapolala, maana ikichajiwa hutoa gesi.